Kipuli Kimoja

Chumvi ya dhahabu tuliyoagiza ilikwama Kilindini,
wiki ya sita sasa, ndani ya kasha lenye namba ninayoijua
kuliko namba ya simu ya dada yangu.
Karani wa forodha anasema: haijalipiwa.
Karani mwingine: imelipiwa, ila mhuri haukukolea.
Ndipo nikavua kipuli.

Kilikuwa kimoja. Pacha wake alizama kivukoni Likoni
mwaka ule ule niliorudi kwetu Kuze na sanduku.
Swabiri alikiapia: "Hii safi, haijatiwa kitu.
Na dhahabu, Mwanakheri, haibadiliki."
Nami nikadhani anajisema mwenyewe.

Maabara ya Tudor, ghorofa ya pili, feni mbovu.
Asidi mbili ambazo kila moja peke yake haiiwezi dhahabu
nikazikutanisha chini ya dohani.
Kipuli kikatoa mapovu, kikakonda,
kikawa maji ya manjano kama chai ya mchaichai,
na chini ya bika kukatuama utando mweupe.
"Nini hiki?" akauliza Kalama, mwanafunzi wangu.
Fedha, nikamwambia. Ilichanganywa.
Nikacheka mpaka miwani ikafanya ukungu:
miaka tisa nimetembea na kiapo sikioni.

Tukachuja, tukachemsha, tukatia sitrati, binamu wa ndimu.
Manjano ikafa. Maji yakawa maji.
Kisha samawati ya wino, karibu na nyeusi,
kisha, bila mtu kusema neno,
wekundu wa komamanga.
Ndiyo dhahabu hiyo, Kalama. Ikiwa ndogo kupita kiasi
huisahau rangi yake ya dukani.

Siku tatu tukazikuza zile chembe. Halafu tone moja
juu ya kioo kinachopitisha umeme,
maji ya chumvi, nyaya mbili, darubini yenye uwanja mweusi,
na hapo zikatokeza, moja moja, kijani,
vijitu ambavyo unywele wangu ukilazwa kando yake
ni daraja la Nyali.
Hazina taa ndani. Huidaka nuru inayopita
na kuirusha huku na huku,
kama mtoto apigaye maji ya beseni kwa kiganja.

Kalama akazungusha kitufe. Volti hasi, nusu.
Tukachungulia. Hakuna kitu.
"Zimegoma."
Hazikugoma. Jicho ni mlinzi wa zamu ya usiku, mengi humpita.
Kwenye skrini kilima cha nuru kilikuwa kimesogea
upande wa samawati, nanomita mbili na nukta,
kama mtu anayejivuta kwenye benchi kumpisha mgeni.
Elektroni zimeingia, wenyeji wamebanana,
mtikiso wao ukaongeza kasi.
Akarudisha kitufe. Kilima kikarudi.
Hasi. Chanya. Hasi.
Mara arubaini, nikiandika kila moja,
na pembeni mwa daftari, penye safu ya makosa, nikaandika:

*"Dhahabu ni ile ile," neno uliloapiya.*
*Naisukuma kwa mbele, na nyuma ikarudiya.*
*Ni kidogo, si kelele, ila nimeshuhudiya.*
*Pacha alipo, Likoni, huenda akasikiya.*

Saa kumi kasoro, stima ikapotea.
Mtaa mzima jenereta zikaanza kukohoa,
na adhana ya alasiri ikanadiwa kwa koo tupu.
Kwenye darubini, giza.
Chembe zipo, nadhani; labda zimeshika chaji tuliyozipa,
labda zimeimwaga chumvini.
Hakuna nuru ya kuziuliza.

Kalama akashuka kuazima betri ya pikipiki
kwa Mwaruwa wa langoni, ambaye haazimi bure.
Simu ikatetemeka: karani wa forodha. Mzigo umetoka, mama.
Nikapapasa sikio, lile tundu.
Sawa, nikasema, kesho tutaufuata.
Nilikuwa nasikia viatu vya Kalama kwenye ngazi,
vizito, hatua za mtu aliyebeba kitu.