Kumfunga Ngamia

Karatasi mbili juu ya kitambaa cha meza,
chai inapoa, miwani imenishuka puani.
Huyu anataka laki moja na themanini kwa mwaka,
yule laki tatu kasoro elfu kumi,
na nyumba ni hii hii moja, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
vyumba vinne, ukumbi, uani choo na kisima kilichofunikwa.

Nilikuwa karani wa mizigo relini miaka thelathini na mmoja.
Najua bei ndogo hupakia nini, na huacha nini stesheni.
Basi nasoma kuanzia nyuma,
pale maandishi yanapopungua kimo
kama mtu anayenong'ona deni.

Hatutalipa mchwa. Hatutalipa kutu.
Hatutalipa uharibifu unaokuja taratibu.
Nikacheka peke yangu.
Kwani Tanga kitu gani huja mbio?
Chumvi imelila bati langu tundu kwa tundu,
usiku, bila kubisha hodi;
nondo za baraza zimevimba hadi saruji ikafunua mdomo,
na magoti yangu haya
hayakuvunjwa na ajali yoyote yenye tarehe.

Semkiwa, wakala wa ile ya bei nafuu, alikuja na tepu.
Akapima ukuta wa mbele tu, akaandika milioni ishirini na mbili.
Nikamuuliza: ikiungua leo, hizo zitanisimamishia nini?
"Mzee, hapo ndipo ada inaposhuka."
Nikapiga hesabu mgongoni mwa bahasha:
mawe, mbao, fundi, bati la geji ishirini na nane,
arobaini na nne, na rangi hatujapaka.
Ukiikatia nusu ya thamani, hulipwa nusu ya hasara,
hata kikiungua chumba kimoja.
Nusu ya paa hukinga mvua ipi?

Nikavuka barabara kwa Bi Riziki binti Mwachiti.
Jiko lake liliteketea mwaka juzi, hitilafu ya umeme.
Nilitaka kujua walilipa lini,
si walisema watalipa lini.
"Miezi saba," akajibu, akikuna nazi bila kuinua uso.
"Walitaka risiti ya kabati.
Nikawaambia risiti ilikuwa ndani ya kabati."
Lakini walilipa. Ndiyo ile kampuni ya ghali.
Wakakata uchakavu,
wakakata laki mbili za kwanza ambazo mwenye nyumba hujibebea,
kilichobaki kikatosha kuta mbili na bati.

Ijumaa shemeji akapita, akaziona karatasi.
"Yaani Mungu humtegemei tena, unamtegemea Semkiwa?"
Sikubishana.
Mtaa wenyewe unaitwa Ngamiani, shemeji;
si tumefunzwa mfunge ngamia kwanza, ndipo utawakali?
Akanywa chai yake yote.
Akauliza kamba siku hizi inauzwaje.

Ikabaki orodha ya vitu vya ndani.
Mwanaharusi anataja, mimi naandika:
jokofu, magodoro matatu, redio, cherehani ya mama yake.
Cherehani nikaitia bei.
"Futa," akasema. "Ukishaitia bei umeiuza."
Nikafuta.
Moto ukiwaka ataibeba yeye, ameshanionyesha mlango atakaotokea,
na mimi, inaonekana, nitatoka kivyangu.

Na wewe nikuandike? nikamtania.
"Mimi ni uharibifu wa taratibu," akasema,
akakusanya vikombe. "Hawalipi."

Jumatatu nimetia saini ile ya ghali, kwa awamu mbili:
moto, mafuriko, wizi wa kuvunja.
Nikaomba nakala, nikaomba na jina la anayepokea madai,
jina la mtu, si la ofisi.
Kwa mchwa nimenunua lita mbili za dawa.
Kwa chumvi bado sijapata kampuni.