Wa Kwanza Kwenye Orodha

Usiku kumi na mmoja niliiandika,
umeme ukija Hombolo kama mgeni asiyevua viatu,
kwa lugha waliyoipa jina la chatu:
programu ya kupimia zabibu za ushirika.
Kilo mara bei, toa makato, andika jumla.
Mistari themanini na miwili.
Ilipokubali, nilisimama peke yangu chumbani
kama mtu aliyeitwa jina.

Nikamwonyesha Lusinde. "Uko vizuri, kaka,"
akanirudishia simu kioo hakijafifia.
Nikamwonyesha aliyenifundisha fizikia.
"Hongera," akasema, akauliza kama nimeoa.
Nikarudi nazo kichwani, hongera mbili,
madebe matupu yakivuma njia nzima.

Jumamosi nikaenda Nkuhungu, kwa Nyemo Chilongani,
anayeandika programu kwa mshahara na hasemi sana.
Nilikuwa nimechapa karatasi nne.
Upepo wa Dodoma ukazitaka.
Mbili akazikalia, mbili akazisoma,
kalamu mkononi, ya bluu.
Nilishukuru kwamba si nyekundu.

"x ni nani?"
Kilo.
"Na x2?"
Bei.
"Na x2_mpya?"
Nikakuna shingo. Nilikuwa nimesahau.

"Babu yako aliitwa nani?"
Matonya.
"Kwa nini?"
Alizaliwa siku matone ya kwanza yalipoanguka.
"Na dada yake?"
Manzala. Mwaka ule ulikuwa wa njaa.
"Basi. Kwenu hakuna mtoto aliyewahi kuitwa x."

Nikaanza kumweleza: umeme, usiku,
somo lililokatika bando likiisha.
"Sijauliza sababu," akasema. "Nasoma kilichoandikwa."
Akavuta karatasi ya tatu kutoka chini yake,
yenye joto, imekunjamana,
na katikati ya ukurasa kalamu ikasimama.

"Kitanzi hiki kinaanza kuhesabu wapi?"
Moja. Nani asiyeanza na moja?
"Mashine. Inaanza na sifuri.
Wa kwanza kwenye orodha yako yuko wapi?"

Nilijua kabla sijatazama.
Wa kwanza ni Bi Sechelela Madeje,
anayefika mizanini kabla ya karani, kungali giza,
beseni kichwani, vumbi la njia ya bwawani hadi magotini,
kwa sababu jua la saa nne, anasema, ni la vijana.
Mara tatu nilijaribu programu,
mara tatu jumla ikapungua kilo thelathini na nne,
na mara zote tatu nililaumu mizani.
Aliyewahi kuliko wote ndiye niliyemruka.

Ningeweza kusema ni kama kupogoa mizabibu,
mkasi upite, kisha mzao.
Lakini mzabibu haujui aibu.
Mimi nilikaa kwenye kile kigoda, masikio yakiniwaka,
nikihesabu michirizi ya bluu ukurasa wa nne
hadi nikaacha kuhesabu.
Mama husema mficha uchi hazai.
Hakusema kwamba chumba cha kujifungulia kina watu
na taa inawaka.

Nyemo alinipa chai. Hakunipa hongera.
Mlangoni akasema tu: "Ukimaliza, lete tena."
Nikaishika hiyo *tena*
mpaka Hombolo.

Sasa inasomeka: kilo_za_mkulima. bei_ya_leo.
Kitanzi kinaanza sifuri,
na mstari wa juu kabisa, kabla ya wengine wote,
Sechelela Madeje, 34.

Jumanne nilimlipa mwenyewe.
Alihesabu noti mara mbili,
kisha akafungua pindo la kanga,
fundo moja kwa kila beseni,
akayapapasa, midomo ikienda.
"Jero haipo," akasema.

Zamani ningesema mashine haikosei.
Nikavuta kiti, nikageuza kioo kimwelekee,
nikatafuta kalamu.
"Nionyeshe, mama. Polepole.
Imepotelea fundo gani?"