Siku ya Tatu kwa Marula

Presha mia na themanini, akasema daktari wa Yarmouth
bila kunitazama, akiitazama kompyuta.
Punguza chumvi. Punguza nyama. Chai ya vijiko sita vya sukari, acha.
Nikatoka kama mtu aliyesomewa hukumu,
upepo wa mashariki ukinichapa makofi njia nzima
mpaka nyuma ya soko, kwenye mlango wa buluu
ulioandikwa kwa chaki: MEZA NI MOJA.

Kweli ilikuwa moja.
Ndefu kama jamvi la msibani,
mbao zake zimetoka kwenye ukumbi wa dansi uliovunjwa,
bado zina alama za visigino.
Nilitafuta pembe ya kujificha. Hakuna pembe.
Marula, unga hadi kwenye viwiko,
akanisukuma kwa nyonga katikati ya watu wawili
kama anayechomeka kitabu kwenye rafu.

Kushoto Doreen, mjane, anayekuja na kijiko chake mwenyewe
kimefungwa kwenye leso.
Kulia Adelino, wa kiwandani kwetu.
Miaka mitatu tumesimama mstari mmoja tukikata mapaja ya kuku,
masikio yamezibwa, kofia za nailoni hadi kwenye nyusi,
na sikuwahi kujua kwamba ana sauti nyembamba hivyo.
Sikujua kwamba anacheka.

Sahani ikaja: majani.
Nyanya, tango, kotimiri.
Nikasema moyoni, mama, mimi si mbuzi.
Ikafuata biringani iliyoungua ganda,
nyama yake imelainika kama uji wa mtoto;
dengu zilizopondwa kwa ndimu na vitunguu saumu;
na juu ya kila kitu mafuta ya zeituni, ya kijani,
akiyamimina bila kuyahesabu
kama anayemwagilia miche.
Bakuli moja, watu watatu, mkate wa kuchovya.

Hapo mkono ukakumbuka.
Mkono wangu wa kulia, miaka kumi na moja ya uma,
miaka kumi na moja ya sandwichi za kula wima,
ukakunja vidole wenyewe, ukamega,
ukagongana na kijiko cha Doreen katikati ya bakuli.
"Tangulia," akasema.
"Tangulia wewe," nikasema.
Dengu zikasubiri tumalize adabu zetu.

Siku ya pili nilikwenda kwa njaa.
Siku ya tatu, nilipotoa pochi kulipa,
Marula akanitupia kitambaa cha kufutia sahani.
Nikacheka peke yangu, nikashindwa kumweleza kwa Kiingereza
kwamba kwetu huwa ni jembe.
Nilifuta sahani thelathini na nane. Adelino aliosha.
Hatukuzungumza sana. Kiwandani tunazibwa masikio;
pale tuliyaacha wazi tu.

Usiku ule, nyuma ya risiti, nikaandika:

*Nilifika na uchungu, daktari kakataza,*
*Nyama, chumvi, chai yangu, vyote akavipunguza,*
*Kumbe limo kwenye chungu, tonge linaloliwaza,*
*Bibi Marula mwenzangu, nipakulie, jaliza.*

Ameibandika ukutani karibu na jiko.
Hajui hata neno moja. Anawaambia wateja
ni mapishi ya kwetu, na siku akipata viungo
atayajaribu.

Presha imeshuka kidogo. Si sana;
nyumbani chai bado naiibia sukari,
vijiko viwili, usiku, taa imezimwa,
kana kwamba daktari anachungulia dirishani.

Jumanne iliyopita mvua ilinyesha kwa ubavu.
Doreen aliingia akihema, akafungua mkoba,
akakunjua leso: tupu. Kijiko kimebaki nyumbani.
Meza nzima ikajifanya haikuona.
Marula akaweka bakuli.
Doreen akalitazama kidogo,
akavua saa,
akakunja mkono wa sweta.