Kivuli Hakina Fyuzi

Bi Mwanamkuu alinipigia saa tisa za usiku.
Hakusalimu.
"Mbeyu, sikiza," akasema, akaisogeza simu ukutani,
nami kitandani Mikindani nikaisikia inveta yake ya Kibokoni
ikipiga mluzi kama birika lililosahauliwa jikoni.
Kisha feni nayo, nikaisikia ikizimika
pangaboi kwa pangaboi.

Asubuhi nikaenda na mkoba: mita, spana namba kumi,
mswaki niliokwisha kuustaafisha.
Mtambo aliuleta mwanawe aliye Doha, kwa awamu:
paneli mwaka juzi, inveta mwaka jana,
betri ikaja na kontena la makochi.
Fundi aliyeufunga hapokei simu.
"Kijana mtanashati," Bi akasema,
"alikunywa kahawa vikombe vitatu."

Kwenye vichwa vya betri nikakuta kutu ya kijani.
Chumvi ya pwani haibishi hodi.
Nikasugua, nikapaka grisi, nikakaza
robo mzunguko, basi; shaba si adui.
Nikafungua mipangilio: betri ni ya lithiamu,
kijana ameandika ya asidi.
Ni kumshonea mtu kanzu kwa vipimo vya nduguye.
Nikasahihisha, nikajisifu kimoyomoyo,
nikalipwa, nikafungiwa viazi karai vya njiani.

Usiku wa tatu, saa tisa, simu.
"Sikiza."

Aibu ya fundi kwa kawaida haina sauti.
Yangu ilipiga mluzi.

Nikarudi na daftari. Sikugusa hata skrubu.
Nikapanda paani na mwavuli, nikaandika:
Saa nne. Volti mia mbili na arubaini, ampea saba.
Saa sita. Ampea tisa, na utosi wangu unachemka.
Saa nane. Nane na nusu.
Saa tisa kasorobo. Mbili.
Mbili?
Mbinguni hamna hata unyoya wa wingu.

Nikageuka, nikayaona:
maghorofa mawili mapya ya Mwinyihaji, upande wa magharibi,
saruji bado mbichi, nondo zimesimama kama nywele za aliyeshtuka,
na kivuli chake kimejinyoosha juu ya paneli nne
kama paka, hana haraka, hana habari
kwamba zote sita zimefungwa mkia kwa kichwa
na kwamba betri huko chini inangoja chakula cha alasiri
kisichofika.

Kumbe saa tisa ya mchana
ndiyo iliyokuwa ikilia saa tisa ya usiku.

Nikashuka nikamweleza. Akanyamaza.
Nyumba hizi mbili hazisemezani
tangu kisa cha mfereji wa maji ya mvua,
wakati marehemu mumewe yungali hai.
"Chaweza kukatwa?"
"Kivuli hakina fyuzi, Bi."
"Na betri ya pili, nikimwambia Salimini alete?"
"Utakuwa umenunua sufuria la pili. Unga ni ule ule."
"Dawa yake, basi?"
Dawa yake sikutaka kuitamka mimi.
Nikatazama juu. Naye akatazama juu.
Paneli zipande kule kwake, waya uvuke uchochoro.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso,
akaivaa, akaivua tena.

Sijui walivyosemezana, sikuwepo.
Najua Ijumaa, baada ya sala, nilipigiwa na mwanamume,
sauti kavu kama sandarusi:
"Wewe ndiye fundi? Njoo upime.
Lakini taa ya ngazi zangu iingie humo humo."

Nimekaa sasa na kalamu, najumlisha mizigo ya usiku
kabla sijakata waya hata shubiri moja.
Friji, wati tisini.
Feni mbili, mia na kumi.
Ruta, kumi na mbili.
Jirani, wati tisa.