Matundu Matatu

Milimita tisa, alisema daktari Nyemo,
akaipima hewani, kidole gumba na cha shahada.
Nikaona punje ya uwele,
ile inayong'ang'ania kinuni baada ya kukung'uta.
"Na hii ndiyo imenitoa Bahi?"
"Ndiyo hii, mzee Malogo. Heri tumeikuta ingali ndogo."

Miaka ishirini na sita nimechimba visima:
Chipanga, Ilindi, Kigwe, Mwitikira.
Najua kutafuta kitu usichokiona.
Unatandaza waya, unasoma mashine, unapiga kigingi,
kisha unatoboa mwamba, tundu jembamba kuliko mdomo wa ndoo.
Hubomoi kijiji kwa ajili ya maji.
Kuna siku unafika mita themanini
na kinachopanda ni vumbi tu, jeupe, la moto.
Nimelivuta hilo.
Barakoa tulipewa. Tulichujia dizeli.

Kaka yangu Mazoya walimpasua zamani,
kutoka mgongoni hadi chini ya chuchu,
mbavu zikapanuliwa kama mlango wa zizi.
Alipona, lakini hadi anakufa alitembea ameinama
kama mtu aliyedondosha sarafu.
Hicho ndicho nilichokuja nacho Dodoma,
kwenye mfuko mmoja na kanga na sufuria ya uji.

Wakanilaza kwenye pete kubwa inayonguruma.
Vuta pumzi. Shikilia.
Sindano ikaingia ubavuni, taratibu,
daktari hanitazami mimi, anatazama picha yangu,
na juu ya punje akaacha tone la rangi ya buluu.
Kigingi, nikasema moyoni.
Huyu naye fundi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na nesi Sechelela.
Pafu moja walilipumzisha,
kama ng'ombe aliyefunguliwa nira, mwenzake akaburuta peke yake.
Kamera ikapita penye tundu la kidole,
na kwenye kioo cha ukutani nikaonekana ndani:
"Mweusi madoadoa, baba, kama dari la jiko.
Ila pale palikuwa na buluu."
Wakakata kipande, wakakibana kwa pini ndogondogo,
wakakitoa ndani ya kifuko.

Siku ya pili nilikaa.
Ya tatu nilikwenda chooni mwenyewe.
Mke wangu Ndalu akahesabu plasta: moja, mbili, tatu,
akanigeuza, akatafuta nyingine, akakosa.
"Wamekupiga bambo," alisema,
"kama gunia la mahindi Kibaigwa."
Tukacheka. Kucheka kuliuma.

Bambo, kweli. Sampuli imekwenda maabara.
Majibu ni siku kumi; leo ya sita.
Yaweza kuwa kovu, yaweza kuwa vumbi lililoganda,
yaweza kuwa lile jina ambalo Ndalu halitamki ndani ya nyumba.

Asubuhi nilimpigia Elieza, yuko kwenye mashine Chipanga,
injini inamfokea nyuma.
"Umevaa barakoa?"
"Barakoa ipi, mzee?"
"Ile ya dizeli."
Kimya.
Nikavuta pumzi, nikashikilia,
nikamsikia anakohoa.