Mstari wa Nyongeza

Miaka kumi na tisa daftari la ushirika wa zabibu, Mpunguzi,
lililala kwangu, chini ya mto, kichwa changu juu yake.
Jalada gumu la kijani, kona zimeliwa na mchwa,
harufu ya zabibu zilizochacha haikutoka hata nilipolianika.
Kreti ikipanda mzani nilisoma namba, nikaandika,
mkulima akaitikia, akaenda zake.
Jasho walikuwa nalo wote. Kalamu nilikuwa nayo mimi.

Sasa kaja Yoeli, mtoto wa marehemu Chidawali,
katoka chuo na simu mbili na maneno mengi.
Anasema daftari halilali tena kwa mtu mmoja.
Litalala kwa Foibe, kwa Sogodi muuza dawa za mimea,
kwenye simu ya Mbeleje yenye kioo kilichopasuka,
nakala thelathini na mbili, zote sawa,
na kila ukurasa umebeba alama ya kidole cha uliotangulia:
ukiuchokoa mmoja, zilizobaki zinapiga kelele.

"Ule mtambo wa Dar msimu ule, si ulizimika?"
Kweli. Siku nne hatukuona salio, hatukuona majina,
kampuni ikatuandikia samahani, kisha ikafunga milango,
namba zetu zikazikwa nayo bila matanga.
"Huu hauna Dar," akasema. "Hauna makao makuu."
Tukacheka. Sisi watu wa Dodoma
tunajua makao makuu yanavyochelewa kufika.

Foibe akauliza: nikisahau namba ya siri?
"Usisahau, mama."
Hilo nalo ni jibu? Benki walau kuna dirisha,
kuna binti wa kumlilia.
Yoeli akajikuna kisogo. Dirisha hakuwa nalo.

Usiku tukanakili. Mimi nasoma, yeye anaingiza,
taa ya sola inafifia, vumbi linapita chini ya mlango.
Mpaka ukurasa wa mia moja kumi na saba.
Damari Ndahani. Kreti tisa. Kilo 124.
Nilisoma, sauti haikutetemeka.

Zilikuwa 214.
Tarakimu zilezile tatu, nilizipanga upya tu.
Kreti tisa, kilo mia na ishirini na nne!
Mtoto wa darasa la nne angegawanya akashangaa.
Hakuna aliyegawanya.
Kilo tisini zikaingia kwa jina la shemeji,
zikanirudia mabati manne ya jikoni.

Yoeli akabonyeza.
Simu zikalia, ti, nyumba thelathini na mbili,
uongo wangu ukapata walinzi thelathini na wawili,
na mmoja wao ni Damari mwenyewe,
anaulinda kiganjani, amelala.

La kuvunda halina ubani.
Mnyororo haukudanganya. Haukuniuliza tu
niliyoyasoma niliyatoa wapi.

Ule futa, nikamwambia.
"Haufutiki, mzee. Ndiyo maana yake."
Sasa mtu akikosea?
"Unaongeza mstari chini. Wa kwanza unabaki,
wa pili unausahihisha. Yote miwili inaonekana."

Akaenda kulala. Nikatoka nje.
Mizabibu tuliyoipogoa juzi ilikuwa inadondosha maji,
tone kwa tone, pale kisu kilipopita.
Nikafikiri bati la jikoni. Nikafikiri mkutano wa Jumamosi,
uso wa shemeji, benchi la mbele kanisani.

Alfajiri nikaomba simu.
Vidole vyangu ni vya kalamu, herufi zilinikimbia.
*Ukurasa 117. Damari Ndahani. Ongeza kilo tisini.
Karani alizipunguza.*
Nikasita. Nikaongeza:
*Karani ni mimi, Amosi Nhembo.*

Nilikaa nao mstari ule mpaka chai ikapoa.

Kisha, ti.
Ng'ambo ya barabara ya Iringa
dirishani kwa Damari pakawaka mwanga mdogo,
wa buluu.