Kanuni za Mzizima wa Chini

Kitabu kilikuja na theluji yake.
Kurasa kumi na moja za theluji:
namna ya kuivuka, namna inavyokula vidole,
utupe dadu mara ngapi kabla moyo haujaganda.
Nikazikata zote kwa kalamu nyekundu
ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu,
umeme umekatika, feni imeinamisha shingo,
na Tumsifu ananiuliza, "Sasa mahali pa baridi tunaweka nini?"

Nikaandika: *Jangwani, siku ya nne ya mvua.*
Hesabu zilezile.
Maji yakifika kiunoni, toa mbili.
Yakifika kifuani, mwenye mzigo auache
au aende nao.

Ngome ikawa ghala. Upanga ukawa panga,
hilo halikuchukua hata dakika.
Joka tulilibishania wiki mbili.
Pazi alitaka chatu, mimi nilitaka kitu kisicho na mwili;
mwishowe tukaliacha lilivyo, tukalipa ajira:
linakaa chini ya bandari
na linatoza ushuru.

Dhahabu ndiyo iliyogoma kuhama.
Kitabu kinasema kila msafiri huanza na sarafu hamsini.
Chausiku akacheka hadi akashika ukuta.
"Nani kwenye mji huu anaanza na hamsini?
Watu wanaanza na hasi."
Basi tukachora kisanduku kipya kando ya Nguvu na Akili,
tukakiita Deni.
Ukitupa dadu ikaangukia chini ya deni lako,
mwenye duka anakuita
kwa jina lako kamili, mbele za watu.

Na ule ukurasa wa ushawishi,
tupa kwanza, useme baadaye,
nao haukupita salama.
Hapa mlango haufunguki kabla ya habari za nyumbani,
za watoto, za mguu uliokuwa unauma.
Aliyeanza na shida yake
atupe dadu kwa mkono wa kushoto.

Tulidhani tumemaliza.

Kikao cha nne, Kuchele akafa.
Mwizi wa milango, kiumbe wa Pazi, mwenye kibiongo na maneno mengi:
mfereji, giza, dadu ya pande ishirini
ikazunguka juu ya meza, ikagonga kisoda,
ikalala kwenye moja.
Ukurasa wa themanini na nane una sentensi moja tu:
*Mhusika akifa, mchezaji achukue karatasi mpya.*
Pazi alikwishanyoosha mkono.
Chausiku akaufunika kwa wake.
"Mnamzika lini?"

Jenereta ya jirani ilikohoa, ikanyamaza.
Akasimama, kanga begani, akasema
kama inavyosemwa pale udongo ukiwa bado mbichi:
"Anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu,
ajitokeze, aonane na familia."

Tukacheka.
Kisha Tumsifu akaacha kucheka.
"Mimi. Kamba. Aliniazima kule ghalani,
sikuirudisha."
Nami, ambaye ni watu wote waliobaki,
muuza kahawa, mlinzi, mvua yenyewe,
nikapekua daftari langu nikakuta:
joka linamdai ushuru wa miezi mitatu.

Usiku ule hatukupigana na yeyote.
Hadi saa sita tuligawana madeni ya mtu
ambaye hakuwahi kuwepo,
Pazi amekaa kimya pembeni, anasikiliza
kama mtu anayesikia jina lake chumba cha pili.

Nimeiandika kanuni hiyo pembezoni mwa themanini na nane,
mwandiko ukapinda kona, ukapanda juu ya chapa.
Sijui kama inafaa. Inachelewesha mchezo.
Hesabu yake haijakaa sawa,
nami nimeifuta mara tatu.

Wiki mbili baadaye Pazi alikuja na karatasi mpya.
Mwanamke, miaka arobaini, Nguvu saba, Deni sifuri,
ametoka Kilwa kwa miguu.
Nikamuuliza, kama msimulizi anavyopaswa kuuliza,
anatafuta nini Mzizima wa Chini.
Akasalimia kwanza, watu wote, mmoja mmoja.
Kisha akamgeukia Tumsifu.
Amekuja kuulizia kamba ya kaka yake.